Mama Jaji na Mtambo wa Rangi

"Siku ile ulikula nini?"

Hilo ndilo lilikuwa swali lake. Mtu anaweza kuwa ameletwa mahakamani kwa mbuzi aliyepotea, kwa mpaka wa shamba au kwa kumvunja mwenzake jino. Jaji aliyesomea sheria Maputo keshauliza yake yote kwa Kireno, mkalimani keshayageuza, na wote wanadhani mambo yamekwisha. Ndipo Mama Jaji anajisogeza mbele kwenye kiti na kuuliza kwa Kiswahili chetu cha pwani, taratibu, kama mtu anayeuliza bei ya bamia: "Siku ile, mwanangu, ulikula nini?"

Alikuwa na sababu yake. Alisema mwongo hutunga njia aliyopita, mtu aliyekutana naye na maneno waliyosemezana, lakini husahau kujipikia. "Waongo wote hushinda na njaa," alikuwa akisema. Mtu anayeikumbuka siku yake kwelikweli atakwambia alikula muhogo wa jana, au atakwambia wali uliungua akagombana na mkewe, na hapo ndipo siku nzima inapoanza kujitokeza yenyewe. Sokoni watu walimtania. Mtu akipita na kapu la samaki, mwenzake humpigia kelele: "Kula kwanza, bwana, kesho usije ukaulizwa!"

Yeye hakuwa mwanasheria. Nchi yetu ina utaratibu wa majaji wa kuchaguliwa, watu wa kawaida wanaoheshimika mtaani, ambao hukaa pembeni ya jaji aliyesoma na kumsaidia kupima ukweli wa matukio. Yeye alisoma madarasa machache tu, akajua Kireno cha kununulia na cha kugombania. Alikuwa akishona mapazia na foronya, na siku za kikao aliiacha cherehani yake, akavaa vitenge vyake, kapulana mbili za rangi moja, akaenda. Ukimwambia amependeza, anasema hakuwa na nguo nyingine. Ukinyamaza, anakuuliza kama macho yanakuuma.

Mimi nilimjua kwa sababu ya chumba. Nyuma ya nyumba yake kulikuwa na kibanda cha matofali ya udongo, na mtu kama mimi, ambaye mwezi huu yuko mpakani Namoto anavusha bidhaa za watu, mwezi ujao yuko Mocímboa anapakua magunia bandarini, na mwingine hajui atakuwa wapi, anahitaji mahali pa kuacha begi. Niliacha begi langu kwake kwa miaka. Hakuwahi kuniuliza ninakwenda wapi. Nikirudi, anainua macho kwenye cherehani.

"Umerudi?"

"Nimerudi, Mama."

"Umekonda. Ingia ule, kisha ndiyo uniongopee."

Nisije nikampaka asali. Alikuwa na ubishi usiotibika. Foleni ya maji aliiruka bila haya, akisema magoti yake yana haki zake. Paka aliwachukia wote kwa jumla. Telenovela za Kibrazili alizifuatilia kwa mapenzi makubwa, na humo ndani ya telenovela alihukumu kwa nyusi tu. Mtu akitokea na nyusi nyembamba, Mama Jaji ananyoosha kidole: "Huyu ndiye aliyebadilisha watoto hospitali." Nikamwambia siku moja, "Mama, huyu humuulizi alikula nini?" Akanijibu bila kugeuka, "Huyu hana haja. Mtazame anavyonyanyua kikombe." Mara nyingi alikosea. Aliyebadilisha watoto alikuwa daktari mnene mwenye nyusi kama brashi, na Mama Jaji akamnunia kwa wiki nzima kama vile amemsaliti yeye.

Vita ilipoanza kuwasukuma watu kuja kwetu, aliliacha swali lake. Nilikuwepo siku ile. Mama mmoja wa Quiterajo alikuwa ameitwa kutoa ushahidi juu ya baiskeli iliyoibwa, na Mama Jaji akamuuliza kama alivyouliza wote. Yule mama akamtazama, akasema bila hasira, "Siku ile sikula. Na ya pili yake sikula." Mama Jaji akaomba kikao kisimame kidogo, akatoka nje, akakaa kwenye ngazi na viatu mkononi. Kwa muda mrefu hakumuuliza mtu tena. Aliporudia, alitanguliza maneno mawili: "Kama ulikula." Kama ulikula, mwanangu, ulikula nini.

Miaka hiyohiyo ndipo alipoanza kuazimisha jina lake. Wakimbizi walifika na nguo walizovaa. Bilhete, yaani kitambulisho, iliungua pamoja na nyumba. Na bila bilhete husajiliwi laini ya simu, na bila laini hujui kama mama yako amefika Pemba, makao makuu ya jimbo letu, au amebaki porini. Basi mtu alikuwa akimfuata Mama Jaji penye cherehani, anasimama, hasemi. Yeye anajua. Anavaa viatu, anakwenda naye kwenye kibanda cha laini, anatoa bilhete yake, anapigwa picha, laini inatoka kwa jina lake. Hakuandika popote nani alichukua ipi. Hata mimi laini yangu ilikuwa yake, kwa sababu bilhete yangu nilikuwa nimeiangusha mtoni Rovuma. Nilimuuliza kama haogopi. Akasema, "Jina si sahani, mwanangu. Likiazimwa halivunjiki." Hapakuwa na ujanja ndani yake. Ndivyo watu wa pwani walivyokuwa wakiazimana jamvi la msiba na sufuria la harusi, na yeye aliona jina nalo ni chombo cha nyumbani.

Kisha ukaja mtambo.

Aliuleta kijana mpole kutoka Maputo, fundi wa kompyuta, kwa majaribio. Ulikuwa ni programu tu, ndani ya kompyuta ya jaji, lakini sisi tuliuita mtambo, na baadaye tukauita Rangi. Kazi yake ilikuwa kusaidia kuamua nani asubiri kesi yake nyumbani na nani asubirie ndani. Jina la mtu lilipoingizwa, wenyewe ulipekua kumbukumbu za simu, za safari na za makosa ya zamani, kisha ukatoa rangi. Kijani, mtu aende kwao. Njano, mwangalieni. Nyekundu, huyu ni wa hatari au atatoroka. Haikuchukua muda, mji mzima ukaanza kupakana rangi. Muuza vitumbua akikopwa anasema, "Wewe rangi yako njano, leta hela kwanza."

Jaji wetu aliyesoma alikuwa mwanamke wa umri wa wanawe Mama Jaji. Kikaoni Mama Jaji alimwita doutora, yaani msomi, nyumbani alimwita binti. Alikuwa mchapakazi na mtu wa haki, na mtambo ulimtia mashaka tangu siku ya kwanza. Alimuuliza yule kijana mbele yetu, "Mtambo ukisema nyekundu, unasema kwa nini?"

Kijana akakuna shavu. "Sababu hausemi, doutora. Unasema hatari ni kiasi gani."

Aliyeutetea mtambo alikuwa Mama Jaji. Watu wengi hawalijui hilo, au wameamua kulisahau. "Binti," alisema, "mimi nimekaa kwenye kiti hiki kabla yako. Nimeona mtu anawekwa ndani kwa sababu ya chale za usoni. Nimeona mwingine anawekwa ndani kwa sababu ya kabila la mkewe. Huyu Rangi hana shemeji. Hali samaki wa mtu. Mwache afanye kazi."

"Lakini hasemi sababu, Mama."

"Hata Mungu hasemi sababu."

"Mungu hatumlipii umeme," doutora akasema, na wote wakacheka, na mtambo ukabaki.

Nilimwelewa. Mtu aliyeona macho ya watu yakikosea kwa miaka mingi anaweza kutamani kitu kisicho na macho.

Sasa niseme habari za fundi simu. Alikuwa mtu wa bara, wa uwanda wa juu kwa Wamakonde, Mkristo, aliyeshuka kwetu na mkewe wakati wa kukimbia. Mama yake mzazi walimwacha kambini huko juu kwa sababu miguu ilikataa safari. Alifungua kibanda pembeni ya soko, akaweka sola juu ya bati, na kwa muda mfupi simu zote mbovu za mji zikawa zinalala kwake. Alikuwa mkimya. Wapwani tunapenda fundi anayeongea, kwa hiyo tulimpa kazi lakini hatukumpa mazungumzo.

Alikuwa na namna yake ya kazi. Simu akishaitengeneza, alichomoa laini kwenye simu yake mwenyewe, akaichomeka kwenye ile iliyopona, akampigia mkewe. "Unanisikia?" Mkewe akisikia, simu imepona. Wateja walipenda, maana hakutumia salio lao. Kila simu iliyopita mikononi mwake ilibeba laini yake kwa dakika moja au mbili. Na miongoni mwa simu hizo ilikuwemo moja ya mtu aliyekuwa anatafutwa na serikali kwa mambo ya vita. Fundi hakumjua. Yule mtu alileta kioo kilichopasuka, akachukua kioo kizima.

Fundi alipokamatwa kwa simu ile, mtambo haukuona kioo. Uliona namba moja inayoingia kwenye simu nyingi, na mojawapo ni ile. Ukatoa nyekundu.

Nilikuwa nimekaa nyuma mahakamani siku aliyoletwa. Doutora alimuuliza, akajibu kwa Kireno chake cha shule. "Ninajaribia simu. Ndivyo ninavyofanya kazi." Akaulizwa simu ile ilikuwa ya nani. "Sijui. Simu nyingi zinakuja, siulizi." Kisha Mama Jaji akajisogeza mbele.

"Siku ile, kama ulikula, ulikula nini?"

Fundi alifikiri. "Nilikula ugali na majani ya kunde," alisema. "Mke wangu alisahau chumvi. Nilimpigia kwa simu ya mteja, ile ile ya kioo, nikamwambia umesahau chumvi. Akacheka."

Kwa miaka yote niliyomjua Mama Jaji, jibu la namna ile lilikuwa linamtosha. Nilimtazama nikisubiri aegemee kiti, maana alipomwamini mtu aliegemea. Hakuegemea. Aliinamia kioo cha kompyuta mbele ya doutora, akakitazama.

Katika jambo lile sheria ilimpa doutora uamuzi peke yake, ila alikuwa na tabia ya kuwauliza majaji wake wa kuchaguliwa. Akamuuliza. Mama Jaji akasema, "Laini moja kwenye simu zote zile? Huyu ana jambo. Akae ndani." Na doutora, ambaye alikuwa na mashaka ila hakuwa na uzoefu wa kuyasimamia, akaandika akae ndani.

Alikaa. Mvua zikaja, zikaenda. Mama yake alifariki kule kambini na akazikwa na majirani, na fundi alipata habari siku ambayo kaburi lilishaota nyasi.

Sikujua jinsi Mama Jaji alivyolala miezi ile, kwa kuwa nilikuwa safarini. Niliporudi nilimkuta anashona kama kawaida, na ni katika wiki ile ya kurudi kwangu ndipo doutora alipokuja nyumbani, mchana, peke yake, bila gari la serikali. Nilikuwa ukumbini nakaza mguu wa kiti. Alikaa kwenye jamvi, akaondoa miwani.

"Mama, sijui nianzeje."

"Anza na maji," Mama Jaji akasema, akampa.

Doutora akanywa. "Kuna kesi nyingine imeingizwa kwenye mtambo. Jina lako limetokea. Laini nyingi, jina moja. Baadhi ziko kwa watu wasiojulikana walipo. Wewe ni nyekundu, Mama. Kwa kanuni siwezi kukukalisha mezani mpaka jambo hili liishe."

Mama Jaji alicheka kwanza, kile kicheko chake cha telenovela. "Mimi? Basi kumbe jina linavunjika!" Kisha kicheko kikakatika, na nikaona anaushika ukingo wa cherehani.

"Na yule fundi je?"

"Fundi yupi?"

"Binti, usinifanyie hivyo. Yule fundi alisema anajaribia simu."

"Alisema."

"Na sisi tukasema nini?"

Doutora akaivaa tena miwani yake.

"Tukasema nyekundu," Mama Jaji akasema. "Alinijibu mpaka habari ya chumvi, na mimi nikasema nyekundu."

Doutora alikuwa amekuja na njia ya kumtoa. Ilikuwa rahisi. Kila mwenye laini ya Mama Jaji aje mahakamani na simu yake, aseme laini hii naitumia mimi, kwa sababu hii, na doutora aiandike sababu ile kwenye jalada. Mji mzima ungekuja. Mimi mwenyewe nilishaweka nyundo chini.

"Hapana," Mama Jaji akasema.

"Mama, ni jambo la siku moja."

"Ndiyo maana nasema hapana. Mimi nitatoka kwa kuwa nina watu. Yule hana watu hapa. Ana mke na bisibisi. Aanze yeye. Akitoka yeye, nitakuja mimi na simu zangu zote."

"Na ukikamatwa kabla?"

"Nitakuwa nimekula," akasema, na doutora akafunika uso, sijui kwa kicheko au kwa nini.

Kumtoa fundi kulihitaji watu ambao simu zao zilipita mikononi mwake, waje waseme kwamba kweli alijaribia na laini yake. Na hapo palikuwa na mwiba. Anayesimama kusema "simu yangu ilibeba laini ya fundi" anajiunganisha mwenyewe na fundi, na kupitia fundi na yule anayetafutwa. Watu walishajifunza jinsi Rangi anavyotembea. Mama Jaji alizunguka mtaa kwa mtaa kwa magoti yake yale yenye haki, na mimi nilimsindikiza. Tulifika kwa shoga yake muuza samaki wa kukaanga, mwanamke ambaye hajawahi kuogopa kitu chochote chenye miguu.

"Shoga, mie sina neno na fundi," alisema akigeuza samaki. "Lakini nikienda kusema simu yangu ililala kwake, Rangi si atanigusa na mie?"

"Atakugusa."

"Na unaniambia niende?"

"Nakuambia."

"We mwanamke, si wewe uliyesema akae ndani? Mji mzima unajua! Leo umepakwa wewe ndiyo umemkumbuka mwenzio!"

Nilitaka kumjibia. Mama Jaji akanishika mkono.

"Ndivyo," alisema. "Nisingepakwa nisingemkumbuka. Nikemee sana, una haki, na kesho asubuhi uje."

Yule mama alimkemea sana. Majirani walitoka kusikiliza. Alimtajia na mambo mengine ya zamani, pamoja na foleni ya maji. Mama Jaji alisimama kwenye moshi wa samaki mpaka mwisho, akasema asante, tukaenda nyumba ya pili.

Kesho yake hawakuja wote. Nilikwenda mimi, maana simu yangu fundi aliibadilisha betri. Alikuja mwalimu wa madrasa. Walikuja vijana wawili wa bandarini wakisukumana nani atangulie. Na muuza samaki alikuja, kanga yake inanuka mafuta, akapita mbele ya wote. "Andika," alimwambia karani. "Simu hii, spika ilikufa, akaitengeneza, akampigia mkewe, nikamsikia mkewe kwa masikio yangu anamuuliza utarudi saa ngapi. Sasa nipakeni."

Mama Jaji hakukaa mezani. Alisimama pale wanaposimama washitakiwa, bila kuitwa, akaomba ruhusa. Alisema maneno machache ambayo kwa mtu wa ubishi kama yeye hayakuwa madogo. Alisema alimuuliza fundi swali na fundi akalijibu vizuri, lakini yeye hakulipokea jibu kwa sababu kitu kisichoulizika kilishatangulia kujibu. "Niliupenda mtambo kwa kuwa hauna shemeji," alisema. "Sikufikiri kwamba asiye na shemeji hana pia wa kumwendea ukamwambia umekosea." Fundi alikuwa amekaa ametazama mikono yake. Hakumtazama.

Aliyelipata neno la sheria alikuwa doutora. Alisoma uamuzi wake polepole, akimsubiri mkalimani. Kwamba alama ya mtambo peke yake si sababu ya kumnyima mtu uhuru. Kwamba yeyote anayeleta alama hiyo mahakamani lazima alete na sababu, kwa maneno, ili mtu aliyewekewa aweze kuijibu. Na kwamba sababu isiyoweza kujibiwa haitapokelewa katika mahakama yake. Akaagiza fundi aachiwe siku ileile. Yule kijana wa Maputo alikuwepo. Aliandika yote, akasema kwa heshima kwamba atayapeleka kwa wakubwa.

Mtambo haukuondolewa. Ningependa kusema uliondolewa. Upo mpaka leo, ila sasa chini ya rangi kuna mahali pa kuandika sababu, na doutora hurudisha mafaili yanayokuja na mahali hapo patupu. Huko kwingine sijui wanafanyaje. Mama Jaji naye alisafishwa baadaye, watu walipokuja na simu zao hadi uwanja wa mahakama ukafanana na mnada. Aliruhusiwa kurudi kwenye kiti chake. Hakurudi. Doutora alikuja kumbembeleza, na yeye akasema magoti. Wote tulijua si magoti.

Fundi alirudi kibandani. Watu walimsalimia sasa, hata waliomzidi umri walimtangulia kwa salamu, na yeye aliitikia kila mmoja isipokuwa Mama Jaji. Hakumtukana, hakumkwepa. Alimwacha tu apite, kama mtu anavyoacha upepo upite.

Safari yangu ya mwisho kurudi kule, nilitokea upande wa Tanzania, nikavuka Namoto, nikafika mjini asubuhi na kukuta mlango wa Mama Jaji umefungwa. Jirani akaniambia, "Mtafute kwa fundi. Anakwenda kila siku, ameshaota mizizi." Nilimkuta njiani, anatembea na simu mkononi imefungwa kwenye leso kama yai.

"Umerudi?"

"Nimerudi, Mama. Simu ina nini?"

"Haina kitu."

"Sasa?"

"Naipeleka."

"Fundi anajua haina kitu?"

"Fundi asijue? Ataitwaje fundi?"

Tulitembea. Akaniambia kwamba kila asubuhi anampa, fundi anaifungua, anaitazama, anaifunga, anamrudishia bila neno, na yeye anarudi nyumbani. Nikamuuliza kama amekwisha kumwomba radhi.

"Mahakamani niliomba mbele za watu. Pale hapaepukiki, hata mnafiki angeomba." Alisimama apumue. "Hapa siombi. Nikimwomba, atalazimika kunijibu. Keshalazimishwa vya kutosha."

"Na utaendelea hivi mpaka lini?"

"Wewe unatangatanga mpaka lini? Nimewahi kukuuliza?"

Tulifika. Kibanda kilikuwa kidogo, mlango ndio dirisha lake. Fundi alikuwa ameinamia simu iliyofunguliwa tumbo, kioo cha kukuzia kimebanwa jichoni, bisibisi nyembamba mkononi. Ukutani alikuwa amebandika picha ya mwanamke mzee aliyekaa kwenye mkeka, miguu imenyooshwa. Mama Jaji alisimama mlangoni akashika leso yake. Alikuwa mtu wa mwili, akasimama hapo mlango wote ukajaa.

Fundi aliendelea na kazi. Skrubu ndogo ikamponyoka, akaitafuta kwa kidole juu ya meza, asiione. Akaitafuta tena. Kisha akainua uso.

"Mama," akasema, "unanizibia mwanga."

Sauti yake ilikuwa ya kawaida, ya mtu aliye kazini. Mama Jaji alishtuka kama aliyeguswa na umeme. Akarudi nyuma upesi, akaanza kugeuka aondoke, anaomba samahani kwa mikono tu.

Fundi akanyoosha mguu chini ya meza, akasukuma kigoda mpaka upande wa ndani wa mlango.

"Nimesema mwanga. Sikusema uondoke."

Mama Jaji akaingia, akakaa. Alipakata simu yake isiyo na ubovu, akatazama mikono ya fundi inavyofanya kazi. Hakusema neno, na nilivyomjua mimi, hiyo ilikuwa kazi nzito kuliko zote alizowahi kufanya.